Fizikia ya Kwaya

Ninyi mnaochapa mabango kwa mashine pale Lodwar, nawasalimu kwa Kiturkana: ejok. Mnabonyeza herufi, zinatoka zimenyooka kabla chai haijapoa. Mimi ni yule aliyekuwa anaandika kuta za mji huo kwa brashi. Msinitafutie mvi kichwani, bado hazijaota. Iliyozeeka ni kazi. Mashine ya kwanza ilipofika mjini nilimaliza rangi iliyobaki koponi, nikaosha brashi kwa petroli, nikajistaafisha mwenyewe. Siku hizi nachunga mbuzi wa dada yangu, na mbuzi hawahitaji bango.

Mmoja wenu aliniuliza juzi, "Broo, zamani mlikuwa mnaandika aje bila kompyuta?" Niliona haya, nikasema, "Polepole," nikaondoka. Hilo halikuwa jibu. Jibu lenyewe nimeliandika hapa, nalo pia polepole. Ndani yake kuna habari ya sayansi moja ya ajabu ambayo sikuisoma shuleni, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la nane.

Kwanza, hesabuni herufi kabla ya kugusa rangi. Aliyenifundisha kazi ni mwanamke anaitwa Fundi Akiru, mfupi, mwenye kitambaa cha kichwa kilichojaa matone ya kila rangi iliyowahi kuuzwa Lodwar. Alinipeleka Kalemng'orok kuandika ukuta wa hoteli ya kando ya barabara: KARIBU NYAMA CHOMA. Nilianza kwa herufi kubwa na furaha kubwa. Nilipofika CHOM ukuta ukaisha. Kilichobaki ni mlango, basi A nikaiandika mlangoni. Mlango ukifungwa, bango lilisomeka vizuri. Ukifunguliwa, A iliingia ndani pamoja na wateja.

"Sasa nikifungua biashara bango linaharibika," mwenye hoteli akalalamika. "Nikifunga linakuwa sawa. Unataka nisiuze?"

Akiru alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi alinionyesha namna ya kupiga mstari kwa uzi wenye chaki na kugawa nafasi za herufi. Kisha akasema neno lililonikaa kichwani miaka yote: "Neno likizidi ukuta, usilibane. Tafuta neno fupi."

Jambo lingine ni jua. Jua la huku hula rangi nyekundu kabla ya nyingine zote. Nilipewa ukuta wa nyuma wa duka fulani niandike USIKOJOE HAPA. Ili onyo lionekane kali, USI niliiandika kwa nyekundu na iliyobaki kwa nyeusi. Jua lilifanya kazi yake. Nilipopita tena, ukuta ulikuwa unawaambia watu KOJOE HAPA, na watu walikuwa wametii.

Tena kuna hili: mteja aandike maneno yake kwa mkono wake mwenyewe. Akiru alibeba kipande cha mkaa mfukoni kwa ajili hiyo tu. "Maneno ya mdomoni hayana herufi," alikuwa akiniambia. "Mpe mkaa, aandike hapo chini kwenye ubao, kisha wewe nakili." Kanuni hiyo niliifuata siku zote isipokuwa siku moja, na habari yangu yote iko katika siku hiyo.

Ninyi mnafanya kazi ndani, skrini ikiwatazama peke yake. Sisi tulifanya kazi barabarani. Mtu akianza kuandika ukutani, watu hukusanyika nyuma yake wakisoma kila herufi kwa sauti na kubashiri inayofuata. Mimi nilikuwa na haya tangu utotoni. Nikitazamwa, mkono unatetemeka na S inakuwa kama nyoka aliyepigwa jiwe. Nikiachwa peke yangu, herufi zinatoka bila kuitwa. Akiru alijua. Alikuwa anawageukia watu na kusema, "Geukeni kwanza. Mtasoma ikiisha." Wakageuka wakicheka, na mkono wangu ukatulia.

Baadaye Akiru alichoka na vumbi, akarudi kwao Lokitaung. Mimi nikahamia Kakuma, nikawa naandika vibanda vya simu, vinyozi na makanisa. Pale kambini kuna watu wa kila lugha, na kila lugha ina namna yake ya kusema neno lilelile. Mteja mmoja anasema *saluni*, mwingine *kwafa*, na wote wanataka kunyolewa.

Mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, alinijia Mwalimu Bahati. Ni Mkongo, mrembamba, aliyekuwa akifundisha sayansi katika shule moja ya pale kambini. Kila mtu alijua shida yake. Shuleni kulikuwa na chumba cha madawati mabovu. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamekiomba kwa ajili ya chama chao cha sayansi, wakayatoa madawati, wakafagia, wakapaka chokaa. Lakini mwalimu mkuu, Bwana Ekal, hakuwa ameridhika. Alimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, mimi sikatai sayansi. Lakini chumba ni chumba. Fanya mkutano Jumamosi kabla ya Krismasi. Nikiona watu wanaitaka hiyo sayansi yako, chumba ni chenu. Nikiona viti vitupu, madawati yanarudi."

Mwalimu Bahati alinikuta kando ya barabara. Alikuwa juu ya pikipiki ya abiria, injini inanguruma, anakwenda Lodwar kutafuta tochi ya leza ya kuonyesha watu.

"Fundi, niandikie ubao," akapaza sauti. "Andika: Fizikia ya kantiki! Jumamosi muchana, wote karibuni. Utundike hapa barabarani."

"Fizikia ya...?"

"Kantiki!"

Mkaa ulikuwa mfukoni. Ningeweza kumpa. Ningeweza hata kuuliza, "Kantiki ni nini, Mwalimu?" Lakini dereva alikuwa ananitazama, na abiria wa pikipiki nyingine iliyosimama kando alikuwa ananitazama, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Wakaondoka na vumbi.

Karibu na mahali pale Mama Furaha alikuwa anauza mandazi. Naye ni Mkongo, tena kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori. Kumuuliza yeye hakukunitisha, kwa sababu alikuwa anatazama mafuta yake yasiungue.

"Mama, kantiki ni nini?"

"Kantiki hauijui, mutoto yangu?" Akanitazama kwa huruma. "Ni nyimbo za kanisa. Kule kwetu kitabu chenyewe kinaitwa hivyo. Nani anafanya kantiki?"

"Mwalimu Bahati. Jumamosi."

"Bahati! Na haniambii!"

Nikarudi kwenye ubao nikahesabu. FIZIKIA YA NYIMBO ZA KANISA. Haikuingia. Ubao ulikuwa mfupi, na sikutaka ZA KANISA iishie mlangoni kwa mtu. Nikakumbuka Akiru: tafuta neno fupi. Nyimbo za kanisa, wakati wa Krismasi, watu wengi pamoja, hiyo si kwaya? Fizikia nilidhani ni mazoezi ya pumzi, kwa maana waimbaji nao hujinyoosha kabla ya kuimba. Nikaandika kwa buluu, FIZIKIA YA KWAYA, JUMAMOSI MCHANA, WOTE KARIBUNI. Herufi zilikaa vizuri ajabu. Ubao ule niliotundika barabarani ulikuwa mzuri kuliko nyingi nilizofanya.

Jumamosi nilikwenda na ndoo yangu ya chokaa, kwa sababu nilikuwa na ukuta wa kumalizia jirani na shule. Nikasikia ngoma. Nikachungulia uwanjani. Kwaya ya Mama Furaha ilikuwa imefika na majoho ya zambarau, kinanda na spika mbili kubwa. Kwaya ya Wasudani Kusini ilikuwa imefika na ngoma, mbele yao Mama Nyandeng, mrefu, fimbo mkononi. Kwaya ya Waturkana wa mjini ilikuwa imefika na shanga zote. Ukumbi wa shule ulijaa, madirisha yakajaa, nami nikajibanza kwenye dirisha moja. Habari zilikuwa zimeenea kwamba ni mashindano, na njiani zikaota mkia: mshindi atapewa mbuzi.

Bwana Ekal aliingia, akasimama mlangoni, mdomo wazi. "Hawa wote wamefuata fizikia?"

Mwalimu Bahati alikuwa ameshuka kwenye pikipiki wakati huohuo, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa na kile kitochi cha leza mkononi, lakini kilikuwa kimepasuka njiani. Alipouona umati alisahau hata kusikitika. Macho yake yalijaa machozi.

"Ndugu zangu," akasema, "nyinyi wote mumekuja kwa kantiki?"

"Ndiyooo!" ukumbi ukajibu.

"Sikujua kama Kakuma inapenda kantiki hivi!"

"Bahati, sisi tunaishi kwa kantiki!" Mama Furaha akamjibu. "Hata nikikaanga mandazi iko kantiki mdomoni!"

"Mama, wewe? Umejifunzia wapi?"

"Kwa mama yangu, naye kwa mama yake!"

Mwalimu alishika kifua. Nadhani aliwaza kwamba kuna kijiji kule Kongo ambako bibi vizee hufundishana fizikia jikoni. Akafungua mikono na kusema, "Basi, tuanze."

Mama Furaha akaanza. Alipiga wimbo wa Krismasi kwa sauti ya juu kabisa, kwaya yake ikampokea, mabati ya paa yakatetemeka. Mwalimu akabaki mikono hewani. Wimbo ulipoisha akauliza polepole, "Mama, hiyo ni nini?"

"Kantiki."

"Mimi nilisema kantiki ya fizikia. Ile sayansi ya vitu vidogo sana, vile ambavyo mwanga umetengenezwa navyo. Waingereza wanaiita kwanta. Sisi kwa Kifaransa tunasema kantiki."

Kisha kicheko kikaanzia dirishani kikazunguka ukumbi mzima. Lakini hakikudumu. Watu walikuwa wametembea juani.

"Mbuzi hakuna?" mmoja wa Waturkana akauliza.

"Hakuna."

"Khalas," Mama Nyandeng akasema, akainua fimbo. "Twende. Watoto wapate kivuli."

Watu wakaanza kusimama. Bwana Ekal akageuka kutazama madawati mabovu yaliyopangwa nje chini ya ukuta, nami nilijua anahesabu watu wa kuyabeba. Wanafunzi wa Mwalimu Bahati walikuwa mbele, na msichana mmoja kati yao alikuwa ameshika ufunguo wa kile chumba kwa mikono miwili.

Mwalimu akatazama kitochi kilichopasuka. Akatazama kinanda. Akatazama spika.

"Mama Furaha! Hizi spika mbili zinatoa sauti moja?"

"Zinatoa sauti ya Mungu."

"Niazime noti moja. Moja tu. Nikishindwa, nitanunua mandazi yako mpaka Pasaka."

Mama Furaha alikuwa mwanamke wa biashara. Akaketi tena.

Mwanzoni alijaribu mle ukumbini, akashindwa, kwa sababu mabati yalirudisha sauti kila upande. Akasema zitolewe uwanjani. Spika zikawekwa kwenye mchanga, zikatazama upande mmoja, katikati yake nafasi ya watu kadhaa. Akabonyeza noti moja ya kinanda na kuiwekea kandambili juu ili isinyanyuke. Ikalia: *mmmmm*, moja kwa moja, bila kupanda wala kushuka.

"Sasa nataka mtu atembee mbele ya spika, pole pole, kutoka huku mpaka kule. Wewe! Mwenye mikono ya buluu!"

Mikono ilikuwa yangu. Watu wote wakanigeukia, na wengi wakaelewa palepale rangi ile imetoka wapi.

"Kumbe ni huyu na ubao wake!" mtu akapaza sauti. "Mwandika kwaya!"

Nikaanza kutembea, macho chini. Sauti ilikuwa kubwa. Hatua kidogo, ikapungua. Hatua nyingine, ikafifia kama mtu amefunga mlango. Nikasimama. Spika zote mbili zilikuwa zinalia, naziona, lakini hapo niliposimama sauti ilikuwa karibu haipo. Nikasogea tena, ikarudi kwa nguvu. Mbele kidogo, ikapotea. Nilisahau kwamba natazamwa. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Nini?" Mama Nyandeng akauliza. "Ameona nini?"

"Hapa hakuna sauti," nikasema.

"Uongo." Akanisukuma kwa upole, akasimama mahali pangu. Akainamisha kichwa. Akapiga hatua ya kando, akarudi. "Wallahi, hakuna!"

Basi wote wakataka. Majoho ya zambarau, shanga, watoto, kila mtu anatembea na kusimama na kupiga kelele, "Hapa! Imeisha hapa!" Nami nikaenda kuchukua ndoo yangu. Kila mahali watu walipokubaliana kwamba sauti inakufa, nilivuta mstari wa chokaa mchangani, kutoka mbali kuelekea kwenye spika. Nilipomaliza, uwanja ulikuwa na mistari myeupe kama punda milia, na nafasi zake zilikuwa karibu sawa kabisa, kana kwamba nilipima kwa uzi.

"Sauti haijaenda popote," Mwalimu akaeleza. "Ni mawimbi. Yakifika pamoja yamepanda, sauti inakuwa kubwa. La huku likipanda wakati la kule linashuka, yanafutana."

Mwimbaji mmoja wa Kiturkana, aliyekuwa mvuvi kule Kataboi, akasema aliwahi kuona hivyo ziwani, mashua mbili zikipita na mawimbi yake kukutana: mahali pengine maji yanaruka, pengine yanalala.

"Ndivyo! Na mwanga nao ukipita kwenye matundu mawili madogo unafanya mistari hivihivi ukutani. Ndiyo nilitaka kuwaonyesha na hii leza. Lakini sasa sikilizeni. Mwanga unaweza kuupunguza mpaka ukatoka chembe mojamoja. Chembe moja, unasubiri, nyingine, unasubiri. Zikishakuwa nyingi ukutani, munafikiri tutaona nini?"

"Marundo mawili," Bwana Ekal akajibu kabla ya wote. Sikujua amefika karibu namna ile. Viatu vyake vya ofisi vilikuwa vimejaa chokaa. "Kila tundu na rundo lake."

"Mistari, Bwana Mkuu. Mistari ileile."

"Chembe iko peke yake, inafutana na nani?"

"Hilo ndilo swali," Mwalimu akasema, na alilisema kama mtu anayekaribisha wageni kwenye chakula. "Ni kama imepita matundu yote mawili."

Mama Furaha alikuwa amesogea mpaka mbele ya Mwalimu. Sasa akasema, "Ngoja. Mutu mumoja, peke yake, anaimba kama kwaya?"

Mwalimu Bahati akamtazama. "Mama, nimesoma miaka mingi, na sijasikia mutu akiisema vizuri hivyo."

"Basi ubao haukukosea."

"Na ukiweka askari kwenye tundu," msichana mwenye ufunguo akadakia, "aone chembe imepita wapi, mistari inapotea. Ukiitazama, inaacha kuimba."

"Ina haya!" Mama Nyandeng akacheka, akaninyooshea fimbo. "Kama huyu!"

Uwanja mzima ukacheka, na mimi pia. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba kumbe ugonjwa wangu si wangu peke yangu, hata mwanga unao.

Bwana Ekal alitembea kwenye mistari mara mbili zaidi, mkono sikioni. Kisha akamwita mlinzi. "Hayo madawati," akasema, "tafuta pa kuyapeleka. Hapa ukutani yanaziba njia ya mlango wa sayansi." Wanafunzi walipiga kelele mpaka kandambili ikaanguka kwenye kinanda. Kwaya zikaimba mpaka jua likapungua. Mbuzi hakuwapo, lakini mandazi yaliisha.

Nikapewa kazi ya kuandika mlango wa kile chumba. Nilimpa Mwalimu mkaa. "Andika mwenyewe," nikamwambia. Akaandika kwa mkono wake, FIZIKIA YA KWAYA, nami nikanakili.

Sasa narudi kwenu, vijana wa mashine. Miaka michache iliyopita mlango ule uliliwa na mchwa, na chama kikaagiza bango la plastiki kwenu Lodwar. Mmoja wenu alipiga chapa, herufi safi kabisa: FIZIKIA YA KWANTA. Wanafunzi walipompigia simu alisema, "Niliona mmekosea, nikawasaidia." Simlaumu. Nami niliwahi kusaidia.

Wakaniletea bango hilo nilirekebishe. Nilifunika NT, juu yake nikaandika Y, halafu nikasogeza A karibu. Rangi ya mafuta haishiki kwenye plastiki, hasa kwa jua letu; baada ya miezi Y hubanduka na mlango unakuwa hauna maana. Kwa hiyo kila Desemba, kwaya zinapoanza kupita barabarani, nawaacha mbuzi kwa dada yangu, napanda mpaka Kakuma na brashi moja na kopo dogo la buluu. Mngeweza kuchapa jingine lisilobanduka, najua. Naomba msichape.

Wanafunzi hunisubiri mlangoni. Kila mwaka ni wapya, na kila mwaka wanasogea karibu waone Y inavyotoka.

"Geukeni kwanza," nawaambia. "Mtasoma ikiisha."

Wanageuka, wanacheka wakitazama uwanja. Nyuma ya migongo yao, mkono unatulia.